Faini tatu za ULEZ na V5C (hati ya usajili wa gari) yenye anwani ya zamani: ipi nipinge, ipi nilipe?

SWALI

Salaam kwenu wa safu ya ushauri,

Ninaishi Reading, kazi yangu ni kuhudumia wazee. Gari langu ni la dizeli, lilisajiliwa Januari 2011. Nina faini tatu za ULEZ, ile tozo ya London kwa magari yenye moshi mchafu, mkononi na kila ninayemuuliza ananiambia lake.

Ya kwanza: Jumamosi moja nilikwenda Heathrow kumpokea mama akitokea Dar es Salaam. Nilifika saa nne na nusu usiku, ndege ikachelewa, tukatoka uwanjani saa saba kasoro robo. Jumapili mchana niliingia kwenye tovuti ya TfL, mamlaka ya usafiri ya London, nikalipa pauni 12.50, nikachagua tarehe ya Jumapili kwa kuwa ndiyo siku tuliyofika nyumbani. Sasa nimeletewa faini ya Jumamosi. Notisi ina siku sita tangu iandikwe.

Ya pili: wiki iliyofuata nilikwenda msibani Barking. Nililipa jioni ile ile kwa simu yangu, pesa ikakatwa benki, risiti ninayo. Faini imekuja vilevile. Nilipoitazama risiti vizuri nikaona kwenye namba ya gari nimeweka herufi O mahali pa sifuri. Notisi hii ina siku tatu.

Ya tatu ndiyo inayonitisha. Anayeishi sasa kwenye nyumba niliyohama Slough ameniletea bahasha yenye Charge Certificate, yaani hati ya kupandisha faini, ya pauni 270. Barua ya kwanza sikuiona kabisa. Siku hiyo gari nilikuwa nimemwazima rafiki, akaenda nalo Wembley. Nilipohama nilibadilisha anwani kwenye leseni yangu ya udereva, kwa hiyo nilijua DVLA, wanaosajili magari na madereva, wana anwani mpya.

Je, naweza kumwandikisha rafiki yangu alipe yeye? Kuna mtu kwenye kundi la WhatsApp anataka pauni 50 kwa kila faini, eti atazifuta. Mwingine anasema mabango ya ULEZ si halali, nisilipe hata moja. Nishike lipi?

Mhudumu wa wazee, Reading

JIBU

Ndugu yetu, pole na mzigo huo, na mama karibu. Barua yako ina kesi tatu zisizofanana hata kidogo. Ukiandika pingamizi moja la jumla, lenye faini zote na maelezo ya maisha yako, utaziharibu zote. Kila faini ina namba yake, tarehe yake na muda wake unaokimbia peke yake. Moja tunakushauri uilipe. Moja uipinge leo hii. Ya tatu usiilipe kwa sasa, ila usiiweke kabatini, maana ina njia yake ya kisheria na njia hiyo haisubiri mtu.

Wasomaji wengine watatusamehe tukipita haraka kwenye mambo ya msingi. ULEZ ilianza katikati ya London tarehe 8 Aprili 2019, ikatanuliwa Oktoba 2021 hadi barabara za North Circular na South Circular, na tangu tarehe 29 Agosti 2023 inashika manispaa zote za London. Barabara ya M25 haimo. Heathrow imo, terminali zote, ndiyo maana watu wengi wa Reading, Slough na Luton wananaswa wakienda kupokea wageni. Gari la petroli linatakiwa lifikie kiwango cha moshi cha Euro 4, la dizeli Euro 6. Lisilofikia hulipa pauni 12.50 kwa kila siku linapotembea ndani ya eneo, mchana na usiku, mwaka mzima isipokuwa tarehe 25 Desemba. Usipolipa, faini ni pauni 180, ambayo hushuka hadi 90 ukiilipa ndani ya siku 14. Siku 28 zikipita bila malipo wala pingamizi inapanda hadi 270. Gari la dizeli la mwaka 2011 halifiki Euro 6, kwa hiyo hoja ya kwamba gari lako halipaswi kulipa tuiache kando.

Faini ya Jumamosi

Siku ya ULEZ huanza saa sita kamili usiku na kuisha saa sita ya usiku unaofuata. Sisi tunasema "usiku wa kuamkia Jumapili" na tunauona kuwa usiku mmoja. Kwa kamera ulikuwa ndani ya eneo siku mbili: Jumamosi ulipoingia saa nne na nusu, na Jumapili ulipokuwa unatoka saa saba kasoro robo. Ulidaiwa pauni 25, ukalipa 12.50. Malipo yako ya Jumapili ni sahihi na yamekuokoa na faini ya siku hiyo. Ya Jumamosi hayakufanyika.

Kinachosikitisha ni kwamba ulipokuwa unalipa Jumapili mchana ulikuwa bado na nafasi ya kuiongeza Jumamosi kwenye malipo yale yale. Mwisho wa kulipa ni saa sita usiku ya siku ya tatu baada ya safari. Safari ya Jumamosi hulipiwa hadi usiku wa Jumanne.

Kama ungekuwa umeingia na kutoka Jumamosi tu, kisha ukachagua Jumapili kwa kukosea, ungekuwa na hoja nzuri: tozo ililipwa, tarehe ndiyo iliyokosewa, na hakuna siku nyingine iliyodaiwa. Hapa siku zote mbili zilidaiwa. Sheria inataja sababu chache tu zinazoweza kufuta faini ya aina hii: kwamba siku hiyo hukuwa wewe uliyeandikishwa kwenye gari, kwamba tozo ililipwa kwa wakati na kwa namna inayotakiwa, kwamba kwa kanuni za mpango wenyewe hakuna faini iliyostahili kutozwa, kwamba gari lilichukuliwa bila ridhaa yako, kwamba kiasi walichodai kimezidi, au kwamba gari ni la kampuni ya kukodisha na mkodishaji ametia saini ya kubeba dhima. Ndege kuchelewa haimo humo.

TfL wenyewe wana hiari ya kusamehe, na hakuna anayekuzuia kuwaomba. Ila wakikataa ukakata rufaa, mwamuzi wa tozo za barabara hana mamlaka ya kufuta faini kwa huruma. Anaangalia sababu hizo za kisheria tu, hata akikuonea imani kiasi gani. Ndiyo maana tunasema ya Jumamosi ilipe pauni 90 sasa. Una siku nane kwa hesabu ya tarehe iliyochapwa juu ya notisi. Kisheria notisi huhesabiwa kuwa imekufikia siku ya pili ya kazi baada ya kuwekwa posta, kwa hiyo huenda una siku moja au mbili zaidi, lakini usizitegemee. Hesabu kutoka tarehe iliyochapwa.

Ukilipia maegesho ya Heathrow, au ile ada ya kushusha abiria mbele ya terminali, pesa hizo ni za uwanja. Hazina uhusiano wowote na ULEZ. Watu hulipa moja wakadhani wamemaliza.

Faini ya Barking

Hii ipinge. Tozo ililipwa, kiasi ni kile kile, siku ni ile ile, kilichokosewa ni herufi moja. Tukuambie ukweli lakini: kwa jicho kali la kanuni, malipo yaliyoandikwa kwa namba ya gari jingine si malipo ya gari lako, na mwamuzi anaweza kulisema hilo. Nguvu yako iko kwa TfL wenyewe, wenye ile hiari, na kwenye ushahidi utakaowawekea mezani.

Pleti za Uingereza za mtindo wa sasa zina herufi mbili, tarakimu mbili, kisha herufi tatu. Gari lililosajiliwa Januari 2011 lina 60 kwenye nafasi ya tatu na ya nne. Nafasi hizo mbili daima ni tarakimu, kwa hiyo "6O" yenye herufi haiwezi kuwa pleti ya mtindo huu ya mtu yeyote. Liseme hili kwenye pingamizi. Linaonyesha kwamba hukulipia gari jingine la kweli na kwamba kosa ni la kidole. Mtu aliyechanganya herufi kwa namna ambayo pleti aliyoiandika ni ya gari lililopo barabarani ana kibarua kigumu zaidi.

Ingia kwenye tovuti ya TfL kwa namba ya faini na namba ya gari. Kwanza tazama picha za kamera, zipo hapo hapo: hakikisha ni gari lako, pleti inasomeka, na tarehe ni ya siku uliyokwenda Barking. Kisha chagua kupinga, na katika orodha ya sababu weka ile ya kwamba tozo ililipwa. Maelezo yawe mafupi, kwa Kiingereza chepesi, yakifuata mpangilio huu:

"Ninapinga faini hii. Nililipa pauni 12.50 ya ULEZ kwa siku inayotajwa, jioni ya siku hiyo hiyo, kabla muda wa kulipa haujaisha. Namba ya risiti ni hii. Wakati wa kuandika namba ya gari niliweka herufi O kwenye nafasi ya nne badala ya tarakimu 0. Nafasi hiyo kwenye pleti ya mtindo huu huwa ni tarakimu, kwa hiyo niliyoiandika si pleti ya gari jingine. Nina gari moja tu, na siku hiyo sikulipa tozo nyingine. Naambatanisha risiti, ukurasa wa taarifa ya benki na picha ya V5C. Naomba malipo yahamishiwe kwenye gari langu na faini ifutwe."

Basi. Msiba wasihadithiwe, na foleni ya A13 vilevile. Anayesoma ana mafaili mengine mengi, na anachotafuta ni namba ya risiti, tarehe, na sababu.

Yanayoharibu pingamizi za namna hii tunayajua. La kwanza ni kutuma taarifa ya benki peke yake: inaonyesha pauni 12.50 zimekwenda TfL, haionyeshi ni za gari gani wala siku gani. Risiti ndiyo yenye hayo. Kama barua pepe ya risiti imepotea, tafuta kwenye kapu la taka kabla ya kukata tamaa. La pili ni kulipa pauni 90 "kwa usalama" huku ukiandika pingamizi. Ukilipa, kesi imefungwa na pingamizi lako halisomwi. La tatu ni kupiga picha risiti ikakatwa pembeni, pale pale palipo na namba.

Peleka ndani ya siku 14, hata kama sheria inakupa 28. Kwa kawaida pingamizi lililoingia mapema likikataliwa, barua ya kukataa hukurudishia nafasi ya kulipa pauni 90 kwa siku nyingine 14. Sentensi inayohusu jambo hili imo kwenye notisi yako na itakuwamo kwenye barua yao. Isome kabla hujaamua. Hifadhi ujumbe wa kuthibitisha kwamba pingamizi limepokelewa.

Wakikataa utapata barua yenye kichwa Notice of Rejection pamoja na maelekezo ya rufaa. Hapo una siku 28 za kwenda London Tribunals, kwa waamuzi wanaoshughulikia tozo za barabara. Hawa hawako chini ya TfL, na rufaa haina ada. Unaweza kuomba kesi isikilizwe ukiwepo, au iamuliwe kwa karatasi. Lakini piga hesabu kwanza. Ukilipa wakati ule ni 90. Ukikata rufaa na kushindwa ni 180. Kwa kosa la herufi, sisi tungekwenda kwa mwamuzi pale tu ambapo barua ya TfL imekataa bila kuigusa risiti yako. Kama wameitaja, wameelewa kosa lako na bado wamekataa, lipa 90 umalize.

Faini ya Wembley

Sasa tuikalie hii, maana ndiyo yenye madhara.

Uliandika kwamba ulibadilisha anwani kwenye leseni. Leseni ya udereva na V5C ni kumbukumbu mbili tofauti ndani ya DVLA, na kubadilisha moja hakubadilishi nyingine. TfL huchukua anwani kutoka kwenye kumbukumbu ya gari. Kwa hiyo notisi ya kwanza ilikwenda Slough, siku 14 zikapita, siku 28 zikapita, faini ikaongezwa nusu yake, na wewe huna habari. Kabla hujafanya lolote jingine leo, ingia gov.uk ubadilishe anwani ya V5C. Hailipiwi. Utahitaji namba ya hati yenyewe, tarakimu 11 zilizomo kwenye V5C. Kutowaarifu DVLA ni kosa lenye faini yake ya hadi pauni 1,000, na mbaya kuliko hiyo, kila barua inayofuata kuhusu deni hili itakwenda Slough tena.

Pia waandikie TfL kwa namba ya faini hii uwape anwani mpya, kwa maandishi, na uwaombe mambo mawili: waiondoe Charge Certificate, na waitume notisi upya kwa anwani sahihi. Ambatanisha mkataba wa nyumba ya Reading au bili ya kodi ya manispaa inayoonyesha tarehe uliyohamia. Hawalazimiki kukubali. Kwa mtazamo wao barua ilipelekwa mahali wewe mwenyewe ulipowaelekeza. Lakini wakikubali umerudi mwanzo bila kugusa mahakama, kwa hiyo inafaa kujaribu.

Wakikataa au wakinyamaza, zipo njia mbili. Kulipa 270 na kumaliza, au kusubiri hatua inayofuata ukiwa macho. Watu wengi hawajui kwamba katika hatua hii ya Charge Certificate huna pa kukata rufaa. Mwamuzi hakusikii, na mahakama bado haijapewa faili. Siku 14 tangu Charge Certificate zikipita bila malipo, TfL wanaweza kuliandikisha deni kwenye Traffic Enforcement Centre, kitengo cha mahakama kilichoko Northampton. Deni linaongezewa ada ya kuandikisha, na wewe unatumiwa Order for Recovery, yaani amri ya kulipa deni. Ni hapo ndipo unapopata haki ya kula kiapo.

Kiapo hicho ni fomu ya PE3. Ina sababu zake, na yako ni ile ya kwanza: kwamba hukupokea notisi ya faini. Una siku 21 kuijaza, kuiapia na kuifikisha Northampton. Kuiapia kunafanyika mbele ya kamishna wa viapo, wakili, au ofisa wa mahakama ya kaunti. Wakili atataka malipo kidogo, ofisa wa mahakama hafanyi hivyo, ila piga simu kwanza upange miadi. Usitie saini nyumbani, kwa sababu saini lazima iwekwe mbele ya anayekuapisha. Fomu isiyoapiwa hurudishwa, na siku zako zinaendelea kuisha. Kuapa uongo kwenye fomu hii ni kosa la jinai, kwa hiyo kama uliiona notisi ya kwanza ukaisahau, njia hii si yako. Wewe umetuambia hukuiona, basi apa hivyo.

PE3 iliyowahi muda hupokelewa. Amri ya deni inafutwa na Charge Certificate inafutwa pamoja nayo. Faini yenyewe haifutiki. TfL wanaweza kukuletea notisi upya, safari hii Reading, na utaishughulikia kama mtu aliyeipata siku ya kwanza. Unachokipigania ni kurudi kwenye 180 au 90, badala ya 270 na zaidi.

Ukichelewa zile siku 21, lazima uongeze fomu ya PE2 ya kuomba kupokelewa nje ya muda, ueleze kwa nini umechelewa. Hapo TfL wanaruhusiwa kupinga, na "sikubadilisha V5C" ni sababu dhaifu sana mbele ya ofisa wa mahakama. Ndiyo maana tumekuambia anwani ibadilishwe leo. Mwombe pia yule wa Slough akupigie simu kila bahasha ya kahawia inapofika, na kama unaweza, lipia huduma ya posta ya kukuhamishia barua kwa miezi michache.

Baada ya hatua hiyo deni huenda kwa madalali wa mahakama, na kila hatua yao ina ada inayopachikwa juu yako. Kwa deni la aina hii hawaruhusiwi kuvunja mlango kuingia nyumbani kwako, na hawatakiwi kuja kati ya saa tatu usiku na saa kumi na mbili asubuhi. Lakini gari lililoegeshwa barabarani wanaweza kulifunga mnyororo. Mhudumu anayezunguka nyumba kwa nyumba akifungiwa gari asubuhi amepoteza na siku ya kazi.

Rafiki yako aliyekwenda Wembley

Huwezi kumwandikisha. Kwenye makosa ya mwendo kasi mwenye gari hutakiwa kumtaja dereva, na watu hudhani kila faini ya kamera ni hivyo. Hapa anayedaiwa ni aliyeandikishwa kwenye V5C, awe alikuwa kwenye usukani au kitandani. Ile sababu ya gari kuchukuliwa bila ridhaa ni ya wizi. Wewe ulimpa funguo, kwa hiyo usiiguse hata kidogo, hasa kwenye karatasi ya kiapo. Kati yako na yeye ni suala la uungwana: mpelekee barua aione, na mkubaliane nani anatoa nini. Pauni 12.50 ilikuwa juu yake bila shaka. Nyongeza iliyotokana na anwani yako ya Slough, kwa haki, ni yako.

Mtu wa WhatsApp, na habari ya mabango

Usimpe. Hana mlango wowote ambao wewe huna. Pingamizi ni bure, rufaa ni bure, na fomu za Northampton ni bure. Atakachofanya ni kutuma maelezo yale yale anayotuma kwa kila mtu, pengine na sababu ya uongo yenye jina lako chini yake. Utampa namba ya gari, nakala ya V5C na anwani yako, vitu vitatu ambavyo mtu anayetengeneza pleti bandia angevifurahia. Ukihitaji mtu wa kukusomea barua au kukusaidia kujaza PE3, nenda Citizens Advice. Msaada wao haulipiwi.

Kuhusu mabango: kabla ya upanuzi wa Agosti 2023, halmashauri tano, yaani Bexley, Bromley, Harrow, Hillingdon na Surrey, zilikwenda Mahakama Kuu kuuzuia. Tarehe 28 Julai 2023 mahakama ikasema upanuzi ni halali. Hoja ya bango fulani kufichwa au kukosekana bado inaweza kupelekwa kwa mwamuzi katika kesi moja moja, lakini uamuzi wa mwamuzi mmoja haumfungi mwingine, na kushinda kwa jirani hakukupi wewe chochote. Tena kwako hoja hii haiingii kabisa. Mtu aliyelipa ULEZ ya Jumapili na ya Barking hawezi kusema hakujua kwamba eneo lipo. Na "usilipe hata moja" kwa faini tatu ni pauni 810 kabla ada za Northampton na za madalali hazijaanza.

Yasijirudie

Fungua akaunti ya Auto Pay kwenye tovuti ya TfL na uandikishe gari. Kamera ikiliona, tozo inakatwa yenyewe, usiku wa siku mbili unahesabiwa sawasawa, na namba ya gari unaiandika mara moja tu, ukiwa umetulia. Kasoro yake ni kadi. Ikiisha muda au benki ikikataa malipo, akaunti inaweza kusimamishwa na faini zikaanza kuja kana kwamba huna akaunti. Ukibadilishiwa kadi, ibadilishe na huko siku hiyo hiyo. Usiyetaka Auto Pay unaweza kulipia mapema, hadi siku 90 kabla ya safari. Mama atakaporudi Dar, lipia siku ile tiketi inapokatwa, na kama ndege ni ya usiku lipia tarehe zote mbili. Andika anwani ya tovuti ya TfL wewe mwenyewe. Zipo tovuti zinazojitokeza juu kwenye matokeo ya kutafuta, zinazochukua zaidi ya pauni 12.50, na tozo yako isipofika TfL faini inakuja kwako.

Wasomaji wenye magari ya petroli ya kabla ya 2006 wasiende haraka kulipa. Kikaguzi cha magari kwenye tovuti ya TfL mara nyingi hufuata mwaka wa kusajiliwa, na yapo magari ya 2002 au 2003 yaliyotoka kiwandani yakiwa tayari yamefikia kiwango. Fungua V5C, tafuta mstari wa V.3 unaotaja NOx, gesi chafu ya moshi. Ukikuta 0.08 au chini ya hapo, wapelekee TfL nakala wakusahihishie kumbukumbu. Na kama faini imeshakuja, hiyo ni sababu ya kisheria kamili. Magari yaliyoletwa kutoka Japani mara nyingi mstari huo uko mtupu. Wenye nayo hulazimika kuomba cheti cha mtengenezaji kinachotaja kiwango cha moshi, na kazi hiyo inachukua muda, kwa hiyo ianzwe kabla ya faini.

Blue Badge, kibali cha maegesho cha walemavu, haikuondoi kwenye ULEZ, ingawa watu huambizana hivyo. Kinachotazamwa ni daraja la kodi la gari au aina ya posho ya ulemavu, na msamaha huo una mwisho, tarehe 24 Oktoba 2027. Wagonjwa ambao hospitali imethibitisha hawawezi kupanda usafiri wa umma kwenda kwenye miadi wanaweza kurudishiwa tozo kupitia hospitali, lakini ni ile tu ya pauni 12.50 iliyolipwa kwa wakati.

Mpango wa TfL wa kulipa watu ili wapeleke magari ya zamani yakavunjwe ulifungwa 2024, kwa hiyo usiuhesabu. Ikiwa safari zako za London ni mbili tatu kwa mwezi, dizeli yako bado ni nafuu kuliko mkopo wa gari jipya. Zikifika mara mbili kwa wiki, hiyo ni pauni 100 kwa mwezi, na hapo petroli ya 2007 iliyotunzwa vizuri inaanza kuwa na maana. Kabla ya kutoa amana, ingiza pleti ya gari hilo kwenye kikaguzi cha TfL ukiwa umesimama hapo hapo kwa muuzaji, naye akuonyeshe V5C, jina lake likiwa juu yake na V.3 ikisomeka.